Barua Iliyotoka Jikoni kwa Bi Karani

Katika miaka yangu yote ya kuuza chai pale stendi ya Nangurukuru sikupata mteja aliyenifukuzia wateja kwa heshima kama Bi Karani. Alifika saa mbili asubuhi, akaagiza chai ya rangi isiyo na sukari, akaiacha ipoe, na kufikia saa tatu benchi langu lote lilikuwa limejaa watu wake: vibarua wa mashamba ya chumvi, vijana wa bodaboda, wanawake wanaopika kwenye kambi za makandarasi wa barabara. Huyu ameshika karatasi, yule anatafuta karatasi mfukoni, mwingine amekuja kueleza kwa nini hana karatasi. Abiria wenye njaa waliposhuka kwenye mabasi walitazama, wakadhani kuna mkutano wa kijiji, wakaenda kula kwa jirani yangu. Nilimlalamikia mara nyingi. Alinijibu kwamba watu wakijua haki zao watakula vizuri zaidi, nami nikamwambia basi waje wale kwangu.

Jina la Bi Karani lilitokana na kazi yake. Alikuwa karani kweli, miaka ishirini na kitu, katika ofisi ya mashamba ya chumvi, na kazi yake ilikuwa kuandikisha vibarua. Walishuka kutoka bara baada ya mavuno, wa Likawage, wa Milola, wa vijiji ambavyo hata majina yake hakuweza kuyaandika vizuri, wakapanga foleni mlangoni kwake, naye akawasukumia karatasi na kidau cha wino. "Dole hapa. Haya, mwingine." Mambo haya aliyasimulia mwenyewe wala hakuyaremba. "Nilikuwa na kasi," alisema. "Watu sitini kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeniuliza pameandikwa nini, na mimi sikuwa na nafasi ya kuulizwa." Alipostaafu, jirani mmoja alimletea barua aliyopewa kazini asiyoielewa, akamsomea, na tangu siku ile hakuacha tena. Niliwahi kumuuliza kama hiyo ndiyo toba yake. Aliniangalia juu ya miwani, akasema toba anaifanya kwenye mswala, pale kwangu anasoma karatasi tu.

Namna yake ya kusoma haikuwa ya watu wengine. Alisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, halafu akaigeuza karatasi uso chini mezani na kuweka mkono juu yake. "Sasa nisimulie wewe," alimwambia mwenye karatasi. Aliyeshindwa alisomewa upya. Hakumruhusu mtu atie dole wala saini mpaka aweze kuisimulia ile karatasi kwa maneno ya nyumbani kwake, hata kama ni kwa Kimatumbi, lugha aliyoisikia nusunusu. Kuna mzee mmoja wa mashamba ya chumvi alisomewa mara tano. Mimi niliyekuwa nakanda maandazi nikawa nimeshaujua ule mkataba kwa moyo, nikamsaidia kwa midomo kama wanafunzi wanavyonong'onezana darasani. Bi Karani aliniona. Alinifukuza kwenye mgahawa wangu mwenyewe, nami nikatoka.

Nyuma yake kila asubuhi alikuja Fatu na kiti, maana benchi langu lilimuumiza bibi yule mgongo. Fatu alikuwa mwanamke mtu mzima, wa Nyangamara, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi nyumbani kwa Bi Karani miaka kumi na moja. Alipika, akafua, akamsugua Bi Karani magoti kwa mafuta ya nazi usiku, akaweka kile kiti kivulini na kusimama kidogo akisikiliza kabla ya kurudi jikoni. Binti yake alimwacha kijijini kwa bibi yake, akawa anakwenda kumwona Idi hadi Idi, siku tatu au nne. Mwaka ninaousema binti yule alifikia umri wa kuchezwa unyago, na Fatu alikuwa na ombi moja tu: apewe siku ishirini na nane, zile za likizo ya mwaka kisheria, naye awepo. Kwao siku ya mwali kutoka, mama mzazi ndiye anayempokea mbele ya watu. Mama asipokuwepo humpokea shangazi, ngoma ikaendelea, na mtoto akabaki anajiuliza moyoni mama yuko wapi. Ombi lile lilikaa kati ya wanawake wale wawili miezi kadhaa, na sisi wa stendi tuliliona.

Kwa wageni Bi Karani hakuwa na hofu ya mtu. Kijana wetu mmoja wa bodaboda, Shaweji, alikuja siku moja kachangamka, anataka asomewe haraka tu mkataba wa pikipiki aliyopewa na tajiri wake aiendeshe mpaka iwe yake.

"Bi mkubwa, mimi niko freshi," alisema. "Huyu bosi ni mshikaji wangu kabisa. Hapa ni kupiga saini tu."

"Nimesikia kwamba ni mshikaji. Mshikaji wako ameandika hapa ukilala siku tatu bila kuendesha, kwa sababu yoyote ile, pikipiki inarudi kwake na yote uliyokwishampa yanabaki kwake. Wewe hujawahi kuugua malaria?"

"Nimeugua, bi mkubwa."

"Siku ngapi?"

Shaweji akahesabu kwa vidole, vikapita vitatu. Akaondoka na karatasi yake, akarudi kesho yake na mstari umekatwa kwa kalamu na saini ya tajiri pembeni. Tangu siku ile alimwita Bi Karani bibi, na alimpita kila mtu kumbebea mwavuli.

Ajabu ni kwamba bibi aliyewatetea vijana wa pikipiki aliziogopa pikipiki kuliko nyoka. Alitembea kwa miguu kwenda kila mahali, anachechemea na magoti yake, Shaweji akimfuata taratibu na pikipiki kumbembeleza apande. Alikuwa na mengine ya kuchekesha. Kalamu zake nne za bluu hakumwazima mtu, hata imamu. Barua isiyo na tarehe aliiita karatasi ya kufungia karanga, na mara mbili nilimwona anazifungia karanga kweli, mwenye barua akiwa ameketi anatazama. Alikuwa mkali bila sababu siku za joto, na baadaye alituma bakuli la tende kwa yule aliyemkaripia bila kusema neno la samahani. Nilikula tende nyingi kwa njia hiyo.

Siku nilipomwona amepanda pikipiki ilikuwa kwa ajili ya mjane wa Likawage. Mwanamke huyo alikuwa mpishi katika kambi moja ya makandarasi. Mumewe alifariki, naye akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Hakupeleka taarifa kambini, maana kwetu mjane haulizwi yuko wapi, kila mtu anajua. Msimamizi wa kambi alikuwa mgeni wa mambo hayo. Aliandika kwamba mpishi ametoroka kazi, na barua ya kumwachisha ikaletwa na dereva wa lori. Sheria inampa aliyeachishwa kazi siku thelathini kupeleka malalamiko yake kwenye usuluhishi. Mjane, kwa akili zake zote njema, akasema jambo hilo atalishughulikia akimaliza eda. Habari ilipomfikia Bi Karani siku ishirini na mbili zilikuwa zimeshapita, mvua zimekata njia, na hakuna gari linalofika.

"Shaweji," alisema, "leta hilo shetani lako."

Aliondoka pale kwangu amekaa upande, kanga mbili zimemfunga, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyosikika mpaka barabara kuu. Shaweji alituambia baadaye kwamba aliisoma njia nzima, na kwenye madaraja aliisoma mara mbili. Kule Likawage fomu ilijazwa vizuri, lakini mjane alikataa kutia dole. Wino kwenye kidole aliuona ni kama hina, na mwenye eda hajipambi. Mwingine angebishana naye. Bi Karani alilala pale, akamfundisha kuandika jina lake jioni ile na asubuhi yake, kwa mkaa sakafuni kwanza, kisha kwa kalamu ya bluu, moja ya zile nne. Fomu ilifika inakotakiwa siku ya ishirini na saba. Mjane alimaliza eda yake kwa utulivu, akarudi jikoni kwake kambini, na kalamu hakuirudisha. Bi Karani hakuidai.

Sasa mtu huyo, aliyepanda pikipiki kwa sababu ya mjane asiyemjua, ndiye aliyemwambia Fatu hapana.

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Fatu alimwomba mara ya kwanza mwezi wa pili, akajibiwa tutaona. Akaomba tena mwezi wa tatu. "Fatu, wewe si mfanyakazi," Bi Karani alimwambia mbele yangu, huku anamshika mkono. "Wewe ni mwanangu. Mwana haombi ruhusa kama kibarua. Nami nani ataniinua asubuhi?" Fatu akainamisha kichwa, akasema ndiyo mama. Wakaenda zao wote wawili, kiti kimebebwa na yule aliyenyimwa.

Fatu alinijia peke yake siku mbili baadaye. "Mama, niombee wewe kwake. Wewe anakusikiliza." Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia umevumilia miaka yote hiyo, mmoja huu utakushinda? Nilisema hivyo nikiwa nageuza maandazi, sikumtazama hata usoni. Nilimpenda Bi Karani na niliogopa kumuudhi, na nilijiambia kwamba mambo ya ndani ya nyumba ya mtu si ya stendi. Nikikumbuka maneno yale naona haya mpaka leo.

Nilimuuliza Bi Karani mwenyewe siku nyingine, benchi likiwa tupu. Hakukasirika. Mumewe alikuwa amefariki zamani, wanawe wako Dar es Salaam na hupiga simu Ijumaa. "Akikaa kule siku ishirini na nane," alisema, "atagundua kwamba anaweza kukaa." Akainywa chai yake ikiwa imeshapoa, akabadilisha mazungumzo. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilinifanya ninyamaze mwezi mwingine.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mwezi wa tano. Fatu alileta kiti kama kawaida, akakiweka kivulini, akakifuta. Lakini badala ya kurudi nyumbani alikwenda kukaa mwisho wa benchi, nyuma ya vibarua watatu wa chumvi. Bi Karani alimwona, akadhani amechoka. Kibarua wa kwanza akasomewa, akaondoka, Fatu akasogea. Wa pili akaondoka, akasogea tena. Alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Wa tatu alipoinuka, Fatu akasogea akawa ana kwa ana na Bi Karani, mikono imekutana mapajani.

"Na wewe una nini?" Bi Karani alimuuliza, nusu anacheka.

"Shikamoo mama. Nina shauri. Mwajiri wangu hanipi likizo."

Nilikuwa nimeshika birika. Shaweji aliyekuwa anasubiri abiria nje akazima injini. Nadhani mazoea yalimtangulia Bi Karani, akauliza yale aliyowauliza wote.

"Umefanya kazi muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

"Una mkataba?"

"Sina, mama."

"Siku yako ya kupumzika ni ipi?"

"Sina."

"Likizo umeomba kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Kwa mdomo mara nne. Leo nimeandika." Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili, akaiweka mezani kwa mikono yote miwili.

Bi Karani akavaa miwani na kuisoma kwa sauti, kama alivyosoma za wengine wote. Ilikuwa na tarehe. Ilikuwa na anwani juu kulia, na chini yake YAH: MAOMBI YA LIKIZO, imepigiwa mstari kwa rula. "Mama, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekutumikia miaka kumi na moja. Sijalala njaa kwako na hujanitukana. Mwezi ujao binti yangu anachezwa unyago kule Nyangamara. Nilimwacha anatambaa. Kila mwaka umeniambia mimi ni mwanao, na mwana haombi likizo. Lakini mama, na mimi nina mwana. Naomba siku ishirini na nane nikawe mama yake. Wako mtiifu katika kazi, Fatu."

Alipofika mwisho aliigeuza ile karatasi uso chini, akaweka mkono juu yake, na akafungua mdomo kusema lile neno lake. Hakulisema. Hapakuwa na mtu wa kumwambia asimulie, maana aliyeandikiwa barua alikuwa yeye mwenyewe.  Akaanza kuisimulia yeye, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Inasema," alisema, "inasema ana mtoto. Na mimi nimemkalia mama yake."

Akaondoka bila mwavuli. Siku mbili hakuja, na watu wake walikaa kwenye benchi langu na karatasi zao wakinitazama mimi. Niliwauzia maandazi, sikuwa na jingine la kuwapa. Siku ya tatu alikuja na mkataba alioandika kwa mkono, kurasa mbili: siku ya kupumzika kila wiki, likizo kila mwaka, kazi zenyewe moja moja, mpaka ile ya kusugua magoti, ambayo aliiandikia kwamba ni kwa hiari. Alimkabidhi Fatu pale mbele ya kila mtu, akamwambia asitie saini siku ile, aende nao kwao, akausome na watu wake. Fatu aliushika mkataba kifuani. Mimi nililia, sifichi, na Shaweji alijifanya anaangalia tairi.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita walikuja stendi mapema, kabla sijawasha moto sawasawa. Basi la Lindi lilikuwa limeshaegeshwa. Begi la Fatu walilishika wote wawili, huyu mpini huu na yule mpini ule, bibi anachechemea na kukataa kusaidiwa. Kiti hakikuja siku hiyo. Fatu alipanda, akapata nafasi dirishani, na Bi Karani akampitishia mfuko wenye jozi ya kanga mpya.

"Mpe mjukuu wangu," alisema. "Avae siku ya kutoka."

"Ahsante mama."

"Usirudi kwa ajili yangu tu. Umesikia? Ukiona kule kunakufaa, niandikie."

"Nimesikia, mama."

Kondakta akapiga bati. Bi Karani aliweka mkono ukingoni mwa dirisha, akautoa, akaurudisha. Nilikuwa karibu nao, nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau juu ya moto. Miaka kumi na moja, kila Idi Fatu akirudi, bibi huyu aliuliza mjukuu wangu hajambo, akajibiwa hajambo, wakaendelea na mengine.

"Fatu," alisema. "Hivi, mtoto anaitwa nani?"

Fatu alimtazama, wala si kwa hasira.

"Jina la utotoni analiacha kulekule unyagoni, mama. Akitoka anatoka na jina jipya. Nikirudi nitakwambia."

Basi likaondoka. Bi Karani alibaki amesimama pale pale juani, mkono bado umeinuka kidogo. Nilitaka kumwita aje anywe chai, nikamwacha.